Huku ndiko walikokuwa wakienda

Kwetu Kilwa, ni nadra mtoto amalize shule ya msingi bila kupelekwa Kisiwani. Mnapanda boti pale Masoko, mnavuka, mnaonyeshwa Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Mwalimu anawaambia kwamba Wareno walifika 1505 wakaupora mji, mnakula mihogo mliyofungiwa nyumbani, mnarudi. Nilikwenda ziara hiyo nikiwa mwanafunzi, na nilipokua nikawavusha wageni wengi. Lakini sikumbuki mtu yeyote kuuliza swali moja jepesi: hao watu walipomaliza kupora, walielekea wapi?

Walielekea Kochi. Francisco de Almeida aliiteka Kilwa Julai 1505, Agosti akaichoma Mombasa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatia nanga Kochi, pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, kuanza kazi aliyotumwa: kuwa makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno katika India. Kwenye vitabu vyetu vya shule Wareno wanatokea baharini, wanafanya yao, wanajenga Fort Jesus, wanafukuzwa. Kule walikokuwa wanakwenda kunatajwa kwa neno moja tu, "India", kama vile India ni gati moja. Kumbe karibu ilikuwa gati moja. Pilipili manga walizokuwa wakizitafuta zilikuwa zikishuka kutoka milima ya jimbo la Kerala hadi maghala ya mji huu, na sisi tulikuwa njiani.

Basi Desemba tukaenda kuutembea. Nilikuwa na Mpemba wetu anayesomea famasia, Msukuma wa Mwanza anayesomea uhandisi, na binti wa Kimalayali tunayesoma naye Bengaluru, hukuhuku India, ambaye kwao ni Kochi hasa, upande wa Ernakulam, ule wa bara. Majina yao siyaandiki. Wawili wamenikataza, na wa tatu nitamtania mno humu ndani. Tulipanda treni ya usiku Ijumaa, Jumamosi asubuhi tukawa tunaoga nyumbani kwa mama wa mwenyeji wetu, ambaye sote tulimwita Amma. Krismasi ilikuwa inakaribia. Karibu kila nyumba mtaani ilikuwa imetundika nyota kubwa ya karatasi yenye taa ndani, na si nyumba za Wakristo peke yao.

Kochi hautembelewi vizuri bila kuvuka maji. Wenyeji husimulia kwamba bandari yenyewe ilizaliwa na mafuriko: mwaka 1341 mto Periyar ulifurika, mchanga ukaiziba bandari kongwe ya Muziris iliyokuwa kaskazini, na maji yakajifungulia mlango mpya wa bahari hapa. Mimi huipima tarehe hiyo kwa Ibn Battuta. Alikuwa Kilwa mwaka 1331, na miaka 10 baadaye, mafuriko hayo yalipotokea, alikuwa tayari yuko India, na muda si mrefu akashuka pwani hiihii ya Malabar. Mji wetu ulikuwa katika ubora wake wakati Kochi ndiyo kwanza inapata mlango wa bahari.

Siku hizi kuna boti mpya za umeme, zilizoanza kazi 2023, zenye viyoyozi na vioo vikubwa, nazo zinasifiwa kwa haki. Mimi nikang'ang'ania kivuko cha zamani, kile cha injini inayotetemesha mabenchi, ambacho nauli yake haifiki bei ya kikombe cha chai. Kina madirisha wazi na upepo wa bure. Ukikaa upande wa kulia unaona winchi za bandari ya makontena ya Vallarpadam, na kushoto kisiwa cha Willingdon, ambacho ni cha kutengenezwa na watu: kilijazwa kwa tope lililochimbwa chini ya bahari wakati bandari inatanuliwa, miaka ya 1920 na 1930, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Mwingereza, Robert Bristow. Msukuma alitaka kujua tope lile lilizuiwa vipi lisirudi majini. Hakuna aliyemjibu, na swali hilo likatufuata siku nzima.

Fort Kochi ukishuka tu unaona nyavu za Kichina. Picha zake ziko kila mahali, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kutoshangaa. Kilichonishika ni mawe. Kila wavu umefungwa kwenye mkono mrefu wa miti unaokwenda juu na chini, na nyuma yake zinaning'inia kamba, na kwenye kila kamba kuna jiwe kubwa kama kichwa cha mtu. Wavuvi wakitaka kuuzamisha wavu, mmoja wao anatembea juu ya mti mkubwa kuelekea majini, uzito wake peke yake unatosha kuushusha. Wakitaka kuutoa, wanne watano wanavuta kamba kwa pamoja, na mawe yanashuka moja moja na kutua kwenye jukwaa, *du, du, du*, kila jiwe likiwapunguzia mzigo kidogo. Haina injini wala gurudumu. Msukuma alilisahau tope la Willingdon, akaanza kuhesabu mawe na kuchora kwenye simu.

Kuna wanaosema nyavu hizi zililetwa na mabaharia wa China kabla ya Wareno, na wengine wanasema Wareno wenyewe ndio walizileta kutoka Macau. Wavuvi hawana ubishi huo. Walituita tuvute nao, tukavuta, mikono ikawaka moto. Wavu ulipotoka ulikuwa na visamaki vya kujaza kiganja, kaa mmoja mwenye hasira, na rundo la majani mabichi.

Msukuma akainama, akashika jani moja, akalipasua shina. Lilikuwa na sponji ndani. "Gugumaji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdeni wake ugenini.

Ni lilelile. Linatoka Amerika ya Kusini, limelisonga Ziwa Victoria tangu miaka ya mwishoni ya 1980, na huku Kerala limejaa kwenye ziwa la Vembanad na mifereji yake. Maji ya mito yakizidi, linasukumwa hadi baharini na kunasa nyavuni. Mwenyeji wetu alitafsiri, na mvuvi mmoja mzee aliyejifunga msuli hadi magotini akamuuliza Msukuma kwao huwa wanalifanyaje. Msukuma akamweleza habari ya wale mbawakavu walioletwa ziwani walitafune. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama mbawakavu wenyewe huliwa na samaki. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya siku ile, na yangeendelea kama kundi la watalii halingefika na kamera. Wavuvi wakatuacha, wakarudi kwenye kamba. Bakshishi ya watalii, mwenyeji wetu alituambia bila kuficha, inawalisha kuliko samaki. Tulitoa yetu pia.

Kutoka hapo hadi kanisa la Mtakatifu Francis ni mwendo wa dakika chache chini ya miti mikubwa yenye kivuli kipana. Kanisa lilianza kwa mbao mwaka 1503, baadaye likajengwa kwa mawe. Wareno walikuwa Wakatoliki. Waholanzi walipouteka mji 1663 wakalifanya la Kiprotestanti. Waingereza wakaja 1795 wakalichukua kama lilivyo. Ndani ni peupe, pa kawaida, pana baridi. Juu ya mabenchi zinaning'inia panka za kitambaa, ndefu, zilizounganishwa kwa kamba zinazopita ukutani hadi nje, ambako zamani alikaa mtu kazi yake kuvuta tu ili waumini wapate upepo. Mimi ningependa kujua huyo alisali saa ngapi.

Upande wa kulia, chini, kuna jiwe lililozungushiwa reli ya chuma. Vasco da Gama alifia mji huu tarehe 24 Desemba 1524, akazikwa hapo. Mwaka 1539 mifupa yake ikahamishiwa Ureno. Kwa hiyo jiwe lipo, mtu hayupo, na watu wanakuja kulipiga picha.

Mwongozaji mmoja alikuwa analieleza kundi lake kwamba hapa alilazwa aliyegundua njia ya kuja India. Nilijizuia nisijibu. Njia ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1498 Mombasa walimkataa, Malindi wakampokea, na mtawala wa Malindi akampa rubani. Kwa kusi iliyokuwa inaanza walivuka chini ya mwezi mmoja, Mei wakawa Calicut, kaskazini ya hapa. Kurudi ndiko kulikowaonyesha kwamba hawakuwa wamegundua kitu. Waliiacha pwani ya India mapema Oktoba, bila mjuzi wa majira, wakataabika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye, hadi wakaiona tena pwani yetu Januari.

"Oktoba?" Mpemba akauliza, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kanisani. "Kaskazi hata haijaingia, wao wameng'oa nanga! Si bora wangeuliza?"

Mwongozaji akageuka. Tukatoka.

Nje nikawasimulia rafiki zangu kile ambacho pale ndani hakikusemwa. Vasco da Gama alirudi na merikebu nyingi mwaka 1502. Safari hiyo alisimama Kilwa, akamlazimisha Amir Ibrahim kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ikafanywa chombo cha ibada kilichokamilika 1506, ambacho hadi leo kiko makumbusho Lisbon. Kisha akavuka kuja huku, na karibu na pwani hii ya Malabar akaiteketeza meli ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, wanawake na watoto wakiwemo. Mwenyeji wetu aliijua habari ya meli, kwa sababu kwao inafundishwa. Ya Kilwa hakuwahi kuisikia. Mimi nilikuwa naijua ya Kilwa tangu utotoni, ya meli nikaisoma ukubwani. Mtu mmoja, mwaka mmoja, na kila pwani ikafundisha watoto wake kipande chake.

Mbele ya kanisa kuna uwanja mpana wa majani ambako askari wa Kireno, wa Kiholanzi na wa Kiingereza walipangwa mistari kwa zamu za karne nzima nzima. Leo ni wa watoto na mpira. Na hapa lazima nieleze jambo linalompata kila Mwafrika anayekanyaga Kerala. Kaskazini mwa jimbo, hasa Malappuram, wana mashindano ya mpira wa wachezaji saba kila upande, wanayapenda kwa wazimu, na timu hukodi vijana kutoka Nigeria, Ghana, Liberia na Ivory Coast. Mashabiki humwita kila mmoja "Sudani", atoke atokako. Dereva wa bajaji alikuwa ameshamuuliza Msukuma anachezea timu gani. Muuza maji ya dafu naye akauliza. Sasa vijana wa uwanjani walipomwona, na urefu wake ule, mechi ikasimama.

Msukuma ni beki wa kuzuia kwa mwili. Shule aliyosoma walimpanga nyuma ili asionekane. Lakini vijana walikuwa wameshampa mpira na wamemwachia nafasi, na yeye si mtu wa kukataa heshima. Akarudi hatua kadhaa, akaja mbio, akapiga. Mpira ulivuka goli, ukavuka ukuta, ukatua barabarani na kuviringika hadi kwenye toroli la matunda. Kimya kikapita. Kisha mtoto mmoja akapiga makofi, na wote wakamfuata. Nadhani waliamini kwamba ukali ule ulikuwa wa makusudi. Aliwachezea nusu saa nzima na akafungwa chenga na mtoto wa darasa la nne. Jioni yake alitueleza kwamba alimwachia.

Hatua chache kutoka hapo, mafundi walikuwa wanasimamisha kiunzi cha sanamu kubwa ya mzee wa Kizungu, ambayo huchomwa usiku wa manane tarehe 31 Desemba kuuaga mwaka. Mji mzima hujaa kumtazama akiungua. Sikuuliza ni mzee wa taifa gani. Mimi wa Kilwa nilikuwa na jina kichwani.

Mahali nilipopapenda hapamo kwenye vipeperushi vingi: Dhobi Khana, upande wa Veli, ambako madobi wa jamii ya Wavannar bado wanafua. Asili yao ni Tamil Nadu. Waholanzi waliwaleta kufua nguo za jeshi. Waholanzi wakaondoka, nguo zikabaki, sasa ni za hoteli na hospitali. Kuna vyumba vidogo visivyo na paa, kila kimoja na birika la maji na jiwe la kupigia nguo, na kila familia ina chake. Nyuma kuna uwanja wa kuanikia, mashuka meupe safu kwa safu, na hakuna kibanio hata kimoja. Nilisogea nione. Kamba ni mbili zilizosokotwa pamoja na kukazwa sana. Dobi anazitanua kidogo kwa vidole, anachomeka pembe ya shuka katikati, anaachia, na kamba zenyewe zinaibana. Upepo wa bahari unalijaza shuka na halichomoki. Kutoa, anavuta mara moja kwa pembe.

Ndani ya banda la kupigia pasi kulikuwa na mama mmoja mtu mzima mwenye pasi ya mkaa, mkaa wenyewe wa vifuu vya nazi. Aliipeperusha pasi mbele na nyuma ili majivu yatoke, akaigusa chini kwa kidole kilicholowa, akasikiliza mlio, ndipo akaiweka juu ya shati. Mpemba alimwamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo mama." Sijui kwa nini, yeye mwenyewe hajui. Mama akainua kichwa, akaitikia kwa kutabasamu na mkono kifuani, akaendelea na kola.

Adhuhuri ilitukuta mtaa wa Mattancherry. Mpemba akaingia msikitini, nami nikamfuata. Waislamu wengi wa huku ni Mashafii kama sisi, na pwani zote mbili zina masharifu wa asili ya Hadhramaut waliokuja kwa bahari. Ukoo wa Jamal al-Layl, ambao Lamu unajulikana kwa msikiti wa Riyadha, uko na Kerala vilevile, nao ni watu wa heshima. Yote hayo Mpemba alinieleza baadaye. Nilichokiona kwa macho ni wanaume waliovaa misuli na mashati ya mikono mifupi, kofia mifukoni, wakitawadha kwenye birika la maji bila haraka, na mzee mmoja akimkemea kijana aliyepitisha viatu mahali pasipofaa. Hatukuhitaji kuelekezwa popote. Baada ya sala yule mzee akatuuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri. Mpemba akasema Zanzibar. "Aa!" mzee akasema, akaninyooshea kidole kunilaumu kwamba nimemficha.

Biriani ya chakula cha mchana ilikuwa ya mchele mfupi, mwembamba, wenye harufu yake, nyama imelala chini. Nasema tu kwamba ni nzuri na kwamba ya kwetu ina viazi. Ubishi uliofuata mezani siwezi kuuandika wote.

Kasri la Mattancherry tulilipita haraka. Wareno walilijenga katikati ya karne ya 16 wakampa mfalme wa Kochi, Waholanzi wakalikarabati, watu wakaliita la Kiholanzi. Kuta za vyumba vya ndani zimechorwa Ramayana, picha nzito, kila kipande cha ukuta kina mtu au mnyama, zinataka mtu mwenye shibe ndogo kuliko yetu. Sinagogi ya Paradesi, ya mwaka 1568, iko nyuma tu ya kasri, lakini Jumamosi ni sabato, mlango umefungwa. Wayahudi wengi wa hapa walihamia Israeli baada ya 1948, na waliobaki ni wa kuhesabu. Mtaa wao sasa ni wa maduka ya vitu vya kale na viungo.

Maduka yale ya mbele ni ya watalii: viungo kwenye vibakuli vya rangi, bei ya kuanzia ni ya kukuchekesha. Mwenyeji wetu akatupitisha nyuma, barabara ya Bazaar, iliyobana kati ya maghala na maji. Huku hakuna anayekuita. Malori yanashusha mchele na vitunguu, wachukuzi wanabeba magunia kichwani kwa mwendo wa nusu mbio, mbuzi wanalala juu ya makasha. Harufu ya tangawizi kavu inakukaa kooni. Paa nyingi ni za vigae vyekundu vya Mangalore, vilevile vilivyovuka bahari kwa mashehena na kuezeka nyumba za pwani yetu. Nimeviona tangu utotoni.

Ghala moja lilikuwa wazi. Akina mama wameketi sakafuni wanapepeta pilipili manga kwa nyungo, mwenye ghala yuko kwenye kiti cha plastiki na mizani yake. Pembeni magunia ya karafuu. Mpemba akaomba ruhusa, akachota kiganja.

Mtu huyu ninamjua kwa uvivu wa asubuhi, kwa kukopa sabuni, kwa kulala kwenye vipindi. Sijawahi kumwona alivyokuwa pale. Aliimwaga karafuu kutoka kiganja hiki hadi kile akiipulizia. Akachagua moja, akaibana kichwani kwa ukucha hadi ikatoa mafuta, akanusa. Akavunja nyingine. Akazitenga tatu pembeni. Kisha akamwambia mwenyeji wetu atafsiri: "Mwambie kaka hii ni nzuri, ila wamemchanganyia makonyo, vijiti vyake. Na imeanikwa haraka, ona rangi."

Mwenye ghala alisimama kutoka kwenye kiti. Akauliza kijana huyu ni wa wapi. Safari hii hatukumzungusha, tukasema Pemba, na hakulijua jina. Tukasema Zanzibar, na hapo akalijua vizuri. Karafuu zake hizi, alisema, ni za Madagascar, na nyingine ni za milima ya humuhumu Kerala. Za Zanzibar bei yake kali, ila marehemu baba yake hakuwa anataka nyingine.

Mpemba ana hadithi ya nyumbani kwao, ya mwaka ambao karafuu zilikosa mnunuzi. Aliisimulia pale, amekaa juu ya gunia. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza ya Zanzibar ilipitisha sheria iliyoweka biashara ya kusafirisha karafuu mikononi mwa chama kimoja, Clove Growers' Association, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Pemba wakagoma kununua. Chama cha Congress, kilichokuwa kikidai uhuru huku India, kikawaunga mkono na kuwataka Wahindi wasitumie karafuu za Zanzibar. India ilikuwa kati ya wanunuzi wakubwa kuliko wote. Mwaka 1938 serikali ikakubali kupatana. Kwa wakulima wa Pemba, wenye sheria na waliogoma wote walikuwa mbali. Wao walikuwa na karafuu zao, zimekauka, na deni dukani.

Mwenye ghala alisikiliza, akakuna kidevu. Kisha akasema kwamba wakati huo ghala hili lilikuwa la babu yake, na kwamba babu alikuwa mtu wa Congress. Wakatazamana. Mpemba akasema, "Mwambie basi atupunguzie bei ya iliki." Alitupunguzia.

Tulirudi Ernakulam kwa boti ya umeme, na nakubali kwamba kiyoyozi kina raha yake saa kumi na moja jioni. Amma alikuwa ameshaanza kupika: mihogo na samaki. Mihogo ya Kerala ina historia ninayoipenda. Ilitoka Brazil mikononi mwa Wareno, kama ilivyotufikia sisi, lakini aliyeieneza sana ni mfalme wa Travancore, Visakham Thirunal, miaka ya 1880, alipotaka watu wake wawe na chakula cha akiba. Na vita kuu ya pili ilipokata mchele wa Burma, ndiyo iliyowaponya wengi. Katika mizigo yote ya Wareno, huu nawapokea bila kinyongo.

Amma alichemsha mihogo, akaimwaga maji, akaichemsha tena kwa chumvi na manjano. Samaki alikuwa kwenye chungu cha udongo, mchuzi mwekundu, umetiwa vipande vya tunda jeusi lililokaushwa, lenye ukali, ambalo hushika nafasi ya ukwaju. Alipotoa mbuzi akune nazi ya mchicha, Mpemba akamwomba, akakalia, akakuna nazi nzima bila kufika kwenye kifuu cheusi. Amma akamwita jirani aje aone mwanamume anayekuna nazi. Jirani akaja na binti yake. Mpemba akaomba nazi ya pili.

Msukuma alikula samaki wa bahari kwa adabu, akasema hakuna mbaya wake, ila sato ni sato. Kisha akamgeukia baba wa mwenyeji wetu, aliyewahi kufanya kazi bandarini, akamuuliza habari ya lile tope la Willingdon. Yule mzee akaweka tonge chini kwa furaha isiyofichika. Ilihitajika kalamu na bahasha ya bili ya umeme, na tulikaribia kuachwa na treni.

Amma alitufungia kilichobaki. Alichukua majani ya mgomba, akayapitisha juu ya moto hadi yakalegea na kung'aa, akapanga mihogo, akamwagia mchuzi kidogo, akakunja na kufunga kwa uzi. Alisema ni chakula cha asubuhi, tule tukikaribia Bengaluru. Tulikimaliza kabla treni haijafika Aluva, mji wa jirani.